Mbuzi, Shuka na Mkia wa Komba

Jumatatu, 7 Oktoba
Haova bado yuko kwa mama yake. Kosa langu: viazi vitamu. Nilivimaliza kabla hajarudi kisimani. Ada inataka mbuzi wa kumbembeleza mke arudi. Ninaye mmoja tu, yule jike mweupe! Mama mkwe katuma neno: mbuzi asipofika Ijumaa, Jumamosi anakuja kuchukua vyungu vya bintiye. Lakini mimi ni mlinzi wa msitu wa mikwaju. Komba wa mikia ya pete wanaoishi humo hupata wake bila mbuzi. Nitawachunguza.

Jumanne, 8 Oktoba
Nimegundua! Madume wawili walisugua mikia yao kwa mikono inayonuka, wakapepeana. Mmoja akakimbia. Siri ni harufu. Nimesugua shuka yangu kwa beberu wa jirani, nikaipepea mbele ya ua wa mama mkwe. Haova aliuliza kama nafukuza nzi. Mama mkwe alifunga mlango. Alizidiwa, nadhani.

Jumatano, 9 Oktoba
Asubuhi komba huketi wima, mikono wazi, tumbo juani. Heshima tele! Nikaketi hivyo nje ya ua wao. Mama mkwe akanitundikia nguo mbichi mikononi. Nilivumilia mpaka zikakauka. Sijui kama ni dalili njema.

Alhamisi, 10 Oktoba
Balaa. Chifu, komba mkubwa wa kundi, kampiga dume kibao, kamnyang'anya ukwaju. Nikashangilia: huyo ndiye bwana! Akageuka. Kifuani mtoto ananyonya. Chifu ni mama! Nikamuuliza mlinzi mwenzangu, mzee Refotsy, dume gani basi anatawala.

“Hakuna. Jike hula kwanza, dume hungoja. Tsivery, miaka kumi na moja umelinda nini?”

Macho ya Refotsy yameanza kufifia, maskini.

Ijumaa, 11 Oktoba
Nilikwenda kupepea mara ya mwisho. Nyumba bila Haova haikaliki. Nageuka, mbuzi wangu yuko nyuma! Kakata kamba, kafuata harufu ya beberu. Mama mkwe akamfunga uani kwake, akanishukuru. Haova alicheka mpaka akaketi chini.

“Haya, twende nyumbani. Shuka hiyo iache huku.”

Jumamosi, 12 Oktoba
Haova yuko nyumbani. Moyo umetulia. Imethibitika: harufu hurudisha mke. Mbuzi alipita njia tu. Haova kachemsha viazi, kala kwanza. Nilingoja, kwa hiari yangu kama mwenye nyumba. Sasa kaenda kisimani, kasema vyake viwili vilivyobaki visiguswe. Naandika kwa mkono mmoja. Wa pili una kiazi.