Bibi Aliyesimama kwa Kichwa

Jumatatu, 14 Oktoba

Vernon Hostetter katangaza kanisani kwamba utepe wa bluu wa mshindi wa maonyesho ya sarafu Jumamosi ni wake tena. Mwaka wa sita! Lo, mtu ana maringo!

Mimi ninazo sarafu za zamani za dhahabu, za dola tano tano, kumi na moja, vilema vitupu. Moja imepinda, moja imekwaruzwa kwa kisu. Ndizo ninazozimudu. Albamu imebaki na nafasi moja tupu, ya mwaka 1797. Kila nikifungua, inanikodolea macho.

Na ya 1797 imo humu humu nyumbani! Iko shingoni mwa mke wangu, Doreen. Nilimvisha tulipochumbiana, miaka thelathini na mitatu iliyopita. Nikamwambia kwamba tundu la kupitishia mkufu limeiharibu, haimfai mtu mwingine duniani ila yeye. Ujana ni moshi.

Jumatano, 16 Oktoba

Sarafu ya bandia imefika kwa posta. Nzuri kabisa! Nimeitoboa gerejini. Doreen kauliza kelele za nini. Nikasema natengeneza kiti. Kauliza kiti kipi, mbona vyote vizima. Ikabidi nivunje kimoja.

Jioni nikamwambia mkufu wake umechafuka, anipe niusafishe. Akauvua bila swali, akasema ninamjali sana. Nikabadilisha. Ya kweli nikaipachika kwenye albamu.

Alhamisi, 17 Oktoba

Doreen kakaa mbele ya kioo muda mrefu. Kisha akaniuliza kama nina lolote la kumwambia. Nikamwambia kapendeza. Hajagundua kitu!

Kanipikia pai ya molasi. Roho ilinisuta. Nikala vipande viwili.

Jumamosi, 19 Oktoba

Ukumbi wa kikosi cha zimamoto, penye maonyesho, ulijaa. Vernon kaja mezani kwangu, kahesabu mpaka kumi na mbili, kahesabu tena. Uso ukamshuka! Mwamuzi alikuwa ameshaushika utepe, ananijia.

Hapo akaingia Doreen na sufuria la supu ya kuku kwa jiko la ukumbi. Vernon akainama kumsalimia, akatazama shingo yake, akaangua kicheko. Akapaza sauti: we Elwood, mbona bibi wa mkeo anatembea kwa kichwa?

Sarafu zetu zina bibi upande mmoja na tai upande wa pili. Bibi akiwa wima, ukiigeuza sarafu tai yuko kichwa chini. Hata mwanachama wa jana wa chama chetu cha sarafu analijua hilo. Mimi, mtaalamu, nilitoboa juu ya kichwa cha tai.

Doreen akasema, polepole, kwamba anajua tangu Alhamisi asubuhi. Kila siku akiamka humtazama yule bibi kwenye kioo, na siku hiyo alimkuta utosi chini. Alikuwa akisubiri niseme mwenyewe. Kasubiri siku tatu, na pai akapika.

Nilitamani ardhi ipasuke. Nampenda huyu mwanamke, na nilimwibia kwa ajili ya kitambaa! Nikaitoa sarafu kwenye albamu mbele ya watu wote, nikamvisha. Kifungo kikanishinda kwa machozi, akafunga mwenyewe. Utepe kachukua Vernon. Na bakuli mbili za supu.

Jumapili, 20 Oktoba

Nimefungua albamu baada ya chakula cha mchana. Nafasi ya 1797 si tupu! Doreen kakata uso wake kwenye picha ya harusi yetu, duara safi, kaubandika pale. Chini kaandika kwamba huyu naye hamfai mtu mwingine.

Nimelia kama mtoto. Naapa kwa kalamu hii: sitagusa tena kito cha mke wangu. Kamwe!

Nikachukua kioo cha kukuzia nimtazame vizuri. Uzuri ule! Nyuma ya shavu lake inaonekana kola ya mama yake, na kwenye kola kuna pini ya dhahabu, ya duara. Ina tai.

Mama mkwe ana miaka tisini na moja, yu mzima, na sijamtembelea tangu Pasaka. Aibu gani hii! Kesho nitampelekea maua. Nitamwambia pini yake imechafuka.