Pumzi za Bure za Mgiriki

Jumatatu, 5 Agosti 1957. Mbeya.

Baridi. Maji ya ndoo yamefanya utando wa barafu. Bwana Matope ametuita, mimi na Asukile. Jina lake halisi halitamkiki. Tunamwita hivyo kwa sababu huzamia maziwa ya milimani, akachota matope ya chini kabisa, akayatia kwenye chupa na kuyapeleka kwao Ulaya. Nadhani Ulaya wameishiwa matope.

Safari hii anazamia ziwa Ngosi. Hubeba mtungi wa hewa mgongoni. Kati ya mtungi na mdomo kuna kifaa cha shaba chenye mipira miwili minene kama mikonga ya ndovu mchanga. Anakiita regileta. Ndicho kinachompa pumzi chini ya maji. Anacho kimoja tu, na kikimgomea huko chini, basi. Anataka cha akiba. Kuna Mgiriki mkulima wa tumbaku kule Iringa, anahama, anavyo vikuukuu viwili. Twende tukavichukue, kila mmoja atengeneze kimoja. Mwenye kilicho bora atakuwa mtunza vyombo: koti la mvua, buti, na chumba cha bati nyuma ya stoo.

Chumba cha bati! Mimi ninalala kwa shemeji, chini ya nyasi zinazovuja, na shemeji hunikumbusha kila asubuhi kwamba nyasi ni zake. Hicho chumba ni changu. Asukile ni fundi baiskeli tu. Mimi nimejisomea mwenyewe kila gazeti lililofungiwa sukari.

Jumatano, 7 Agosti. Ipogolo, Iringa.

Tumefika kwa lori la viazi. Sasa najua kiazi hupitia nini.

Ghala la Mgiriki lina vumbi na harufu ya tumbaku. Nduguye alikuwa mzamiaji, ndiye aliyeviacha. Viwili juu ya meza. Kimoja kimefifia, kina ukungu wa kijani kwenye skrubu. Kingine kinang'aa kama tarumbeta za Wamoraviani asubuhi ya Pasaka!

Sikukurupuka. Nilifanya jaribio. Nikatia mdomoni kile kilichofifia, bila mtungi, tundu la kuingizia hewa nikaliziba kwa kidole gumba. Nikavuta. Hakuna kitu. Mashavu yakaingia ndani, macho yakatoka nje. Mchoyo! Nikavuta kile kinachong'aa. Hewa tele, laini, ya bure, bila mtungi wowote.

Asukile akavijaribu vyote viwili naye, akakunja uso. Akaniambia, "Kaka Jailos, hiki cha kung'aa kinavuja mahali. Hewa ikipata njia, maji yatakosaje?" Nikamweleza kwamba hewa ni nyepesi na maji ni mazito, mlango wa kuku haupitishi ng'ombe. Akasema haya, kaka. Akachukua kilichofifia. Nilimhurumia, kwa muda mfupi.

Alhamisi, 8 Agosti. Mbeya.

Asukile ameloweka chake katika maji safi. Amekisugua kwa mswaki, amekianika kivulini, mipira ameitundika inyooke, kisha ameipaka poda. Poda! Nilimuuliza kama mtoto amebatizwa tayari. Hakucheka. Hana ucheshi, ndiyo maana hatafika mbali.

Bwana alipita akatuambia sote wawili kwamba mpira wa regileta hautaki jua wala kukunjwa, na mafuta ndiyo hautaki kabisa. Nimesikia. Lakini huyo ni mtu wa mpira mpya. Mpira wa zamani ni kama goti la bibi, huhitaji kuchuliwa. Nimeupaka mafuta ya nguruwe niliyonunua Iringa, ndani na nje, nikauanika juani juu ya bati ili yaingie vizuri. Ukalainika mpaka raha.

Jioni. Mbwa wa jirani naye ameupenda. Alama za meno mbili kwenye mpira wa kushoto. Nimemwomba Asukile kiraka na gundi kwa ajili ya baiskeli ya shemeji. Amenipa. Alipofika mlangoni akageuka, akasema shemeji yangu hana baiskeli.

Jumamosi, 10 Agosti.

Bwana amemsifu Asukile mbele za watu. Hatari. Imebidi nitumie akili.

Leo Bwana alikuja pombeni kwa Mama Ikupa. Tulimkalisha kwenye kigoda, chungu katikati, maji ya moto yakamiminwa juu ya ulezi uliochacha. Kabla ya kumpa mgeni mrija, Mama Ikupa akaonja mwenyewe. Bwana akauliza kwa nini. Nikamweleza kwamba ndiyo desturi yetu: mwenye chungu huonja kwanza, mgeni ajue hamna sumu. Akafurahi sana, akaandika.

Hapo nikaona mlango. Nikasema, kwa unyenyekevu, kwamba hata regileta ni chungu. Aliyeitengeneza angeonja kwanza ndani ya maji, ndipo Bwana naye aiamini. Nilijua Asukile anaogopa maji. Kwao juu Umalila hata mto huvukwa kwa sala. Angekataa, na chumba kingekuwa changu.

Bwana alipiga makofi. Akasema wazo zuri ajabu. Tutaonja wote wawili.

Wote wawili!

Nilijaribu kusema kwamba mtoa wazo kwa kawaida husamehewa. Mama Ikupa akaniangalia juu ya mrija wake, akauliza, "Jailos, mwanangu, kuogelea unajua?" Nikamjibu kwamba nimezaliwa kando ya mto Kiwira. Akasema, "Hata mawe yamezaliwa huko." Watu wakacheka mpaka pombe ikawatoka puani. Sikuona cha kuchekesha.

Jumanne, 13 Agosti. Ngosi.

Tumepanda msituni, kisha tukateremka ukingo kwa kushika mizizi. Mitungi ni mizito. Ziwa limetulia kule chini kama jicho la mtu anayesubiri ukosee.

Asukile alianza. Alifungwa kamba kiunoni, meno yakimgonga. Kwa mara ya kwanza nilimwona anaogopa kwelikweli, na kwa mara ya kwanza nikatambua kwamba kuogopa hakumzuii. Akazama. Mapovu yakapanda, polepole, sawasawa. Alikaa chini mpaka mimi nikaanza kukosa pumzi kwa niaba yake. Akatoka. Akasema hewa ni nzuri, ila ni baridi kwenye meno.

Zamu yangu. Pumzi ya kwanza: nzuri, yenye ladha ya nguruwe. Ya pili: ng'ombe alipita mlango wa kuku. Ya tatu ilikuwa ziwa lenyewe.

Aliyevuta kamba ni Asukile. Nililala juu ya mawe nikirudisha Ngosi kidogokidogo. Akanifunika blanketi lake, yeye mwenyewe bado ameloa.

Bwana akafungua regileta yangu. Ndani kuna kiwambo cha mpira, chembamba kama ngozi ya ngoma ndogo. Kilikuwa na ufa wa zamani, mrefu, na mafuta yangu yalikuwa yameugeuza kuwa mdomo. Kiraka nacho kilikuwa kimeteleza. Hakunigombeza. Alisema tu kwamba regileta nzima ni ile inayokunyima hewa tundu lake likizibwa. Kisha akasema, taratibu, kwamba kama angekuwa kule chini na ya kwanza imegoma, akainyoshea mkono hii, mke wake angepata barua.

Nikajivutia blanketi la Asukile mpaka kichwani.

Jumatano, 14 Agosti.

Asukile amepewa chumba, koti na buti. Mimi nabeba chupa za matope. Amekuja mwenyewe kuniambia kuna nafasi ya mkeka wa pili, nisilale tena panapovuja na kifua hiki. Nimekubali, ili nimchunguze.

Ijumaa, 16 Agosti.

Bati halivuji. Nimepata utulivu wa kufikiri.

Regileta yangu ilikuwa imetupwa jalalani. Nimeiokota. Bado inang'aa! Nimeichunguza bila haraka, na kosa nimeliona. Si mafuta, ingawa safari ijayo nitapaka samli kwa sababu ya mbwa. Kosa ni kwamba kiwambo kilikuwa na tundu moja tu. Maji yaliingia, yakakosa pa kutokea. Likiwepo la pili, upande wa chini, yataingia huku na kutokea kule, na mtu atabaki na hewa yake.

Nimemwambia Asukile. Alikuwa anapaka poda. Alinitazama kwa muda, akaendelea kupaka. Aliyenyamaza amekubali. Nimeazima msumari wake.

Desturi nitaifuata, ila si lazima aonje yuleyule kila mara. Nimekumbuka kwamba shemeji naye amezaliwa Kiwira.