Mfumbati wa Mama Mkwe

Jumatatu, 3 Machi

Kidole kaja karakana asubuhi. Mpiga besi mzuri kuliko wote mjini, na mbovu wa kusubiri kuliko wote. Anataka gitaa la besi la nyuzi tano, mwili wa mninga mkavu, na analitaka kabla bendi haijasafiri mwisho wa mwezi. Mkavu hasa, kasema, si wa kuanikwa juani juzi. Nimemwambia mninga ninao. Sina! Nina mbao za masanduku ya mizigo na kipande cha mlango wa choo.

Kaongeza kwamba nikishindwa atakwenda kwa Injinia. Huyo ni fundi wa ng'ambo ya barabara, jina kajipa mwenyewe, na sijaona alichokiinjinia zaidi ya kigoda. Kidole akienda, wanamuziki wote watamfuata. Nitabaki nabadilisha nyuzi za magitaa ya shule mpaka nife.

Jumanne, 4 Machi

Mke wangu kaniita nimsaidie kugeuza godoro la mama yake. Mama mkwe anaishi nasi, chumba cha nyuma, kifua kinamsumbua. Kwa kawaida siingii humo. Mkwe ni mkwe, salamu zetu huishia mlangoni. Leo nimeingia kwa amri, na goti likagonga mfumbati, ule ubao mrefu wa ubavuni mwa kitanda.

Ukanguruma! Nikagonga tena kwa kifundo cha kidole. Mninga! Mpana, mnene, umekauka tangu kabla sijazaliwa. Ukikatwa vipande na kuunganishwa kwa gundi nzuri, unatoa besi nzima.

Mke wangu kauliza nagonga nini. Nimesema nakagua kunguni.

Alhamisi, 6 Machi

Siku hizi naingia kumjulia hali kila siku. Nakaa kwenye kigoda, naongea habari za mvua, mkono unagonga chini chini. Mama mkwe macho hayaoni vizuri lakini masikio anayo. Kauliza mkono wangu una nini. Mazoea ya kazi, nimesema.

Nikakipigia debe kitanda cha chuma. Chepesi, cha kisasa, hakina kunguni. Kanijibu taratibu kwamba hiki alikichonga marehemu mumewe kabla ya harusi yao, kwamba juu yake kazaa na kafiwa, na hapo hapo atafia. Basi, mlango umefungwa.

Chakula cha jioni mke wangu kanitilia nyama ya ziada. Kasema hakujua nina moyo wa namna hii. Hata mimi sikujua.

Jumamosi, 8 Machi

Mke wangu kampeleka mama yake zahanati. Nafasi! Nimeng'oa mfumbati, nikapachika ubao wa sanduku la mizigo, nikaupaka dawa ya viatu ya kahawia. Ukiutazama kwa mbali ni ule ule. Kwa karibu, usiutazame.

Mninga upo karakana, chini ya magitaa mabovu. Mimi si mwizi. Mwizi haachi kingine mahali pake.

Jumapili, 9 Machi

Mama mkwe kauliza nani analala na viatu chumbani mwake. Shuka lina doa la kahawia. Mke wangu kalifua mara mbili na kuilaumu sabuni. Nimeilaumu pamoja naye.

Jumanne, 11 Machi

Niandike tu.

Nilikwenda kumjulia hali, maana nikiacha ghafla watashuku. Nikaelekea kigoda changu. Mama mkwe akakataa. Kigoda ni cha mgeni, alisema. Akajisogeza, akapapasa shuka kando yake, akasema nikae pale, kwamba hakujaliwa mtoto wa kiume na sasa kampata uzeeni. Mke wangu alikuwa mlangoni, machozi yanamlengalenga. Ningesema nini? Kwamba ubao ule haubebi watu wawili?

Nikakaa. Nusu nusu, uzito wote miguuni, kama mtu wa choo cha shimo. Mama mkwe akaanza kunisimulia ujana wa mumewe. Hadithi ndefu. Miguu ikachoka.

Ubao ukapasuka. Akaanguka sakafuni, nami nikamwangukia mguuni. Nyonga imevunjika. Hakupiga kelele. Alisema "lo" tu, kwa sauti ndogo.

Ijumaa, 14 Machi

Daktari kasema kwa umri ule na kifua kile hawezi kupasuliwa. Tumemrudisha nyumbani, kalazwa kwenye godoro chini.

Mke wangu kamwuliza mbele yangu ilikuwaje kitanda cha miaka yote ile kivunjike. Mama mkwe akanusa vidole vyake, kama vina harufu ya dawa ya viatu bado, akajibu kwamba ni uzee, mbao nazo huchoka. Mke wangu alipotoka kuchemsha maji, akanivuta mkono.

"Ungeniomba tu, mwanangu. Ningekupa."

Nimekwenda kulia karakana, nyuma ya jiriwa ya kubania mbao. Nimeona aibu ambayo sijawahi kuiona, ya kutaka ardhi inimeze.

Kisha nikafikiri: kwa kuwa sasa ni kama kanipa, si vibaya kuupasua.

Jumamosi, 15 Machi

Unga! Msumeno haujafika katikati, unga laini ukaanza kumwagika miguuni. Wadudu wameubungua ndani kote, nje limebaki ganda. Ule mngurumo ulioninyima usingizi ulikuwa utupu. Fundi mzima! Kazi yangu ni kusikiliza mbao, na nimeshindwa kutofautisha mti na pango.

Na hata hivyo ulikuwa unambeba. Ulimbeba kila siku, hata mimi nilipomgeuzia godoro.

Jumatano, 19 Machi

Mama mkwe amefariki alfajiri. Kifua. Mke wangu alishika mkono mmoja, mimi mwingine.

Nimepewa pole kuliko binti yake. Majirani wanasema mkwe kama mimi hapatikani. Nimeinamisha kichwa, wakadhani ni unyenyekevu.

Alhamisi, 20 Machi

Tumezika. Mke wangu kasema hataki kukiona tena kile kitanda, ndicho kilichomuua mama yake. Kawapa wapishi wakipasue kuni.

Nilisimama pale pale. Mfumbati wa pili, ule wa upande wa ukutani, shoka liligoma kuingia. Mzima! Mwekundu ndani, hauna tundu hata moja. Mdomo ukafunguka, nikaufunga. Ningesema nini mbele ya waombolezaji? Wakauchochea motoni, wakachemshia chai. Nimekunywa chai hiyo. Ilikuwa tamu.

Kidole kaja kutoa pole, mgongoni besi mpya. Ya Injinia. Kasema kwa heshima kwamba aliona nina mgonjwa, hakutaka kunisumbua. Nimeomba niione. Shingo imepinda! Nikaitazama tena. Haijapinda.

Jumamosi, 29 Machi

Bendi imeondoka. Karakana kimya. Nimekaa nikajiuliza nimekosea wapi, na jibu nimelipata: niligonga mahali pamoja tu. Ubao hugongwa mwanzo, katikati na mwisho, na ndani ya pande zote mbili za kitanda. Kosa la kitaalamu. Halitarudiwa.

Mke wangu siku hizi haongei. Asubuhi kaweka mezani, kando ya sahani yangu, kipande cha ubao wa sanduku kilichovunjika. Upande mmoja una dawa ya viatu. Kakiweka, kanitazama kwa muda, kaenda zake chumba cha nyuma na kufunga mlango. Labda anataka nimchongee kitu cha ukumbusho. Nitatafuta ubao unaofaa.

Bahati nzuri jana nilimsindikiza mama yake mdogo, aliyekuwa kwetu tangu msiba. Nimemfikishia mizigo mpaka ndani. Ana kabati la mninga, la zamani, kubwa kama ukuta. Nimeligonga mwanzo, katikati na mwisho.

Anaishi peke yake, na anakohoa kidogo. Kesho nitapita kumjulia hali.