Padri Ameniuliza Kama Naweza Kuteka

Jumatatu, 13 Januari
Nimerudi seminari. Mvua. Godoro langu limelowa upande mmoja, na upande mkavu ndio uliomwelekea Kasonde. Huyu ni mseminari mwenzangu, mtoto wa mvuvi wa Mununga, mwema mpaka anachosha. Anakoroma kama injini ya boti. Pampu ya maji imekufa wakati wa likizo, kwa hiyo kila mseminari anateka maji ziwani kwa ndoo, asubuhi na jioni. Ziwa lenyewe limefungwa, hakuna kuvua mpaka Machi. Maharagwe!

Lakini kuna habari. Padri Chisala, mkuu wetu, atamtangaza doyeni mpya Jumapili. Doyeni anawaongoza waseminari wote. Analala chumba chake peke yake, na habebi ndoo. Nani anafaa kunizidi mimi, Méschac? Hayupo. Nimempigia mama simu Mantapala, kambi yetu sisi wakimbizi tuliotoka Kongo, nikamwambia nimeshachaguliwa. Si uongo. Nimetangulia kidogo tu.

Jumanne, 14
Mpango wa kwanza: utakatifu. Baada ya chakula cha mchana nimepiga magoti kanisani, mahali ambapo Padri Chisala lazima apite. Uso juu, macho nimefumba. Nadhani nilifumba vizuri mno. Nimeamshwa na Kasonde, paji la uso limenata kwenye benchi, na Padri amesimama pale pale. Alisema hata mitume walilala bustanini, ila Injili haituambii kama walikoroma. Mimi sikoromi! Kasonde ndiye aliyeniambukiza.

Alhamisi, 16
Nguvu za doyeni hazipotezwi kwenye ndoo. Nimetangaza kwamba mgongo unaniuma. Nimefunga kitenge kiunoni, natembea nimeinama. Kasonde akasema atateka na sehemu yangu. Tena anateka akiimba! Mtu gani anaimba chini ya ndoo?

Mama Olipa, mpishi wetu, alinihurumia, akanisugua mgongo kwa mafuta yake ya dawa. Yana pilipili yale. Nimekimbia mpaka ziwani nikiwa nimenyooka kama askari, watu wote wakiona. Jioni nikainama tena.

Jumamosi, 18
Mama amepiga simu asubuhi. Kesho anakuja na kwaya nzima ya wamama, na jogoo, kumshangilia doyeni. Nikikosa, mama ataaibika mbele ya wamama wote wa kambi, halafu zamu yangu itafika.

Mchana Padri Chisala akaniita barazani. Alizungumza Kibemba, lugha ya huku, kwa sababu mwaka jana nilijigamba kwamba Kibemba nakielewa chote. Karibu chote. Aliongea sana, kwa upole, mimi nikitikisa kichwa, kisha akauliza: "Bushe kuti wateka?"

Hapo nikalikamata neno. Kuteka! Padri huyu hana kingine kichwani ila ndoo! Nikashika mgongo haraka. Nikamwambia, "Hapana, Ba Fata, miye siwezi. Mugongo inaniuma. Mupatie Kasonde. Ule anatekaka muzuri, hata hachokake."

Padri akanishika bega. Machozi yakamlengalenga. Akasema katika utume wake wote hajaona mseminari mnyenyekevu namna hii, akanibariki. Jibu moja tu! Nimepona ndoo, na sifa ya unyenyekevu nimeipata. Udoyeni ni wangu. Nimeshafunga sanduku, tayari kuhamia chumbani.

Jumapili, 19
Maafa.

Wamama walishuka kwenye lori wakipiga vigelegele, mama mbele, jogoo kwapani. Baada ya misa Padri akamtangaza doyeni. Kasonde! Tena akawaeleza watu wote kwamba alimwita Méschac kwanza, na Méschac mwenyewe alikataa akamtaja ndugu yake. Kasonde alinikumbatia akilia. Watu wakapiga makofi. Nikatabasamu, ningefanya nini?

Mama hakupiga makofi. Alinivuta kando nijieleze, nikamwambia Padri aliniuliza tu kama naweza kuteka, nami nikamjibu mgongo unaniuma. Mama Olipa, mzaliwa wa kisiwa cha Kilwa, hapa hapa ziwani, ambaye amefanya biashara na Wakongomani tangu ujana, ndiye aliyemfungulia neno. Kwa Kibemba kuteka ni kutawala. Kuteka maji wao wanasema kutapa. Mama alinitazama mpaka nikatamani kurudi chini ya mafuta ya pilipili. "Mutoto wangu, banakupatia bukubwa, weye unajibu mugongo?"

Jogoo akapewa Kasonde. Wamama walikuwa na kiu ya safari, mama akanionyesha ndoo kwa kidole, nikateka maji ya kwaya nzima. Aliondoka bila kuniaga. Hilo limeniuma kweli, kuliko chumba.

Jumatatu, 20
Nimetafakari. Kosa si langu. Kosa ni la Kibemba, kuficha cheo kikubwa hivyo ndani ya neno la ndoo. Sasa nalijua. Mtu akisema kuteka, mimi ni ndiyo, basi.

Na leo hii imetokea! Padri Chisala amenisimamisha nje ya jiko. Safari hii alisema Kiswahili, polepole, ili tusipotezane tena: kwa kuwa jana aliona mgongo umepona, je, naweza kuteka? Sikungoja amalize. Ndiyo, Ba Fata! Mwaka mzima! Padri alishangaa, akauliza kama nina hakika. Nikaapa mbele ya Kasonde na Mama Olipa. Mama Olipa alikimbilia jikoni, mabega yakimtikisika. Furaha imemzidi, maskini.

Nimempigia mama. Mwanzoni hakutaka kusikia, lakini nikamwambia safari hii nimeapa mbele ya mashahidi. Anakuja Jumapili na kwaya, na jogoo mwingine.

Utawala wangu unaanza kesho alfajiri. Padri amenipa na ndoo mbili mpya. Bila shaka ni za kuwekea zawadi.