Samaki Wasio na Macho

Jumatano, 2 Julai 2025
Assalaam aleikum. Daftari hili ni la siri, ila Riziki mke wangu hulisoma nikienda msikitini. Basi hujambo, mama watoto? Kifua kimepona? Mimi mzima wa mwili tu. Mzee Sudi kampa mchoraji mwenzangu Gideoni kazi ya kuchora ukuta wa mgahawa wake. Kisa samaki wangu hawana macho, ati wateja wanakosa hamu. Nikamweleza tena: macho namwachia Muumba, nisije kiyama nikaambiwa niwatie roho. Akasema basi nichore chapati, hazina macho. Magomeni hawajui sanaa. Nakwenda nje ya nchi.

Ijumaa, 4 Julai
Nje ya nchi! Nimevuka Ruvuma, niko Msumbiji kwa binamu yangu Mohamedi. Uani kwake Tanzania inaonekana. Nimegeuza kiti. Simu bado inashika mtandao wa nyumbani. Riziki kapiga, anauliza nani atafunga banda la kuku. Nikamwambia niko ughaibuni.

Jumapili, 6 Julai
Alhamdulillahi! Bi Mwanakombo, muuza samaki wakavu, kaona kibao changu nilichochorea samaki. Akasema kwa Kimakonde huyu ndiye fundi, samaki mkavu macho hana. Nimemchorea kumi na wawili mlangoni. Watu wanasimama kutazama!
Sasa mpango. Mohamedi kampigia Mzee Sudi kwa sauti nzito: mchoraji mkubwa wa Msumbiji, Senyori Emedi, atapita Magomeni Jumatano. Mzee Sudi kasema karibu, nusu ya ukuta bado. Astaghfirullahi. Lakini si uongo mzima. Mchoraji yupo, na Msumbiji ipo.

Jumatano, 9 Julai
Nimeingia mgahawani na kofia pana ya Mohamedi na miwani ya jua. Nikasalimia kwa Kireno, maneno yote mawili. Mzee Sudi hakuinuka.
"Hemedi," akasema, "vua kofia ya watu, unywe chai."
Mgahawa mzima ulicheka. Gideoni peke yake hakucheka. Alisogeza ngazi yake, akasema nusu ile aliniachia mimi tangu siku ya kwanza. Ana roho nzuri yule. Sitamsamehe upesi.

Jumamosi, 12 Julai
Tumemaliza. Samaki wangu ishirini, wazuri, vipofu. Gideoni akaomba kwa adabu awatie macho yeye, dini yake haimkatazi. Nikageukia kibla mpaka alipomaliza. Mzee Sudi kafurahi, majina yetu yote mawili yako ukutani. Lakini wateja wanasifu nini? Macho! Magomeni hawajui sanaa.
Nasikia bandarini kuna meli inakwenda Komoro. Kule hawanijui kabisa. Nimetafuta pasipoti sandukuni, chini ya godoro, hadi ndani ya debe la unga wa muhogo. Haipo.
Riziki, najua umefika hapa. Nijibu mapema, kabla ya alasiri: umeiweka wapi?