Hotuba Zangu za Mezani Zimetupwa Foleni ya Tatu

Ndugu Nugzari, Mwenyekiti wa Kamati ya Mtandao wa Jengo, Kutaisi,

Salamu, na pole kwa kuongoza watu wasioongozeka.

Mimi ni Otia wa ghorofa ya nne, tamada wa jengo hili: nisiponyanyua glasi na kuhutubu, mezani hakuna anayekunywa. Kila Jumapili mke wangu Naziko, anayemtunza bibi mmoja mgonjwa huko Bari, ng'ambo, huketi nasi kwa video. Tangu fundi wenu Besiki abandike alama za kipaumbele kwenye data za kila nyumba ili zipite kwa foleni, Naziko hukatika katikati ya hotuba. Nalalamika kama ifuatavyo:

1. Foleni ya kwanza amepewa daktari wa ghorofa ya pili, anayetibu kwa video. Sina ugomvi na wagonjwa. Lakini mgonjwa anaweza kurudia kusema anaumwa wapi. Glasi ya kumkumbuka marehemu hainyanyuliwi mara mbili.

2. Foleni ya pili ni masomo ya watoto. Nilipouliza, Besiki alinijibu mbele ya watu: "Mzee Otia, hotuba yako moja ni ndefu kuliko muhula! Halafu data haina mkubwa wala mdogo, babu." Haina mkubwa! Yaani data za mjukuu zimpite babu mlangoni?

3. Basi zipangwe kama tunavyoketi: wazee, wageni, wakwe, kisha wengine. Michezo ya kompyuta ya vijana ibaki imesimama ikimimina divai, kama vijana wenyewe mezani.

4. Kwenye glasi ya marehemu, mtandao wa jengo zima usimame, kama tunavyosimama sisi. Daktari naye.

5. Ikishindikana, usimame wa mtaa mzima.

Sisemi haya kwa kiburi. Naziko hukatika kila mara kwenye glasi ya mama yake, ambaye tulimzika huku Naziko akiwa Bari, hana ruhusa ya kusafiri. Inaniuma sana. Anastahili kuisikia hadi mwisho.

Nisalimie mkeo, mama mkwe, na Besiki pia, ingawa hastahili.

Jirani yako mwenye subira,
Otia Chkhetiani

N.B. Besiki amepita sasa hivi. Kanionyesha kwenye ruta: tangu Pasaka niko foleni ya kwanza, mbele ya daktari, alinipendelea kimyakimya. Nikampigia Naziko. Akasema: "Otia, sikatiki. Nazima mwenyewe. Siwezi kulia mbele ya bibi wa watu."

Kwa hiyo, Mwenyekiti, futa yote hayo. Niweke foleni ya mwisho kabisa, nikatike kweli, asilazimike kuzima kwa mkono wake.