Pumzi ya Mahojiano

Jumatatu, 3 Juni
Aibu! Redio asubuhi nzima ni mpwa wangu tu. Jana kashinda mbio za mita elfu moja na mia tano. Mtangazaji kamsogezea maikrofoni, kamuuliza anajisikiaje. Mpwa akamtazama, akainama, akashika magoti, akaenda zake. Mtangazaji kasema binti ana kasi lakini hana adabu. Hana adabu! Mtoto wa dada yangu! Na mimi mjomba wake ni mshereheshaji, kila wikendi niko na maikrofoni kwenye harusi za watu!
Jumamosi ni mchujo wa timu ya taifa. Wawili wa kwanza wanapita, nafasi ya tatu itagombewa wiki inayofuata. Mtoto anaitaka timu hiyo tangu shule ya msingi. Nimeamua: adabu namfundisha mwenyewe.

Jumanne, 4 Juni
Darasa limeanza nyumbani kwa dada. Maikrofoni ni mwiko wa jikoni. Mpwa anapanda ngazi mbio, akishuka namuuliza anajisikiaje. Anahema tu! Dada kasema mtoto hana pumzi, jeuri iko wapi. Nikamwambia asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na mjomba. Nikarushiwa kandambili. Ilinipata.

Alhamisi, 6 Juni
Nimepata dawa! Tatizo ni pumzi! (Dada anadai alilisema yeye. Hakulisema kitaalamu.) Mpwa anaimaliza yote kwenye mbio. Abakize! Mzunguko wa mwisho apunguze mwendo, pumzi ya maneno ibaki. Nimemwandikia na hotuba: shukrani kwa waandaaji, kwa wapinzani, kwa mjomba. Kaniuliza mara mbili kama nina hakika. Nikamwambia mjomba naye ni mama. Basi akakubali, maskini, kwa heshima tu.

Jumamosi, 8 Juni
Kaongoza mizunguko yote isipokuwa wa mwisho. Wa nne! Lakini pumzi, jamani, pumzi tele! Kasimama wima, tabasamu usoni, hotuba kichwani. Hakuna aliyemfuata. Waandishi wote walikuwa kwa mshindi, aliyelala chini anatapika, na wanamsifu kwa kujituma! Kocha kaja kuniuliza mimi ni nani hasa.
Mpwa alilia njia nzima. Nami nililia, ila niligeukia dirishani.

Jumatano, 12 Juni
Kocha kanipiga marufuku mazoezini. Wivu huo! Hajui nina mpango mpya, mzuri kuliko wa kwanza: mpwa akimbie atakavyo, maneno nitasema mimi. Mbio za nafasi ya tatu ni Jumamosi, na tiketi ya safu ya mbele ninayo mfukoni.

Jumamosi, 15 Juni
KASHINDA! Yumo timu ya taifa! Yumo!
Nikaruka uzio. Kipande cha suruali kikabaki huko. Nikatimua mbio nusu ya uwanja, nikamkuta mtangazaji keshamwinamia mpwa aliyejilaza chini. Nikamnyang'anya maikrofoni, kwa adabu. Nikafungua kinywa nitoe shukrani.
Halikutoka hata neno! Kuhema tu, hewani, nchi nzima inasikiliza. Mtangazaji akauliza mimi ni nani na najisikiaje. Nikamtazama. Nikainama. Nikashika magoti.
Mpwa akainuka polepole, akachukua maikrofoni, akamwomba mtangazaji amsamehe mjomba wake. Akasema si jeuri, hajapumua tu. Uwanja mzima ukaangua kicheko.

Jumapili, 16 Juni
Redio leo inamwaga sifa: binti ana adabu ya kupigiwa mfano! Mtangazaji kamwomba radhi kwa yale ya mwanzo. Na nani kamfundisha? Mimi! Nimemwambia dada hivyo. Kacheka mpaka kakaa chini. Furaha ya mama hiyo.
Sasa jirani yetu ni mwogeleaji. Nasikia akitoka majini hajibu swali la mtu. Dharau! Dawa yake ninayo tayari: kesho anaanza kujizoeza kujibu akiwa bado ndani ya maji. Beseni nimeshaazima.